Unene wa Utando

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi inanitoa jasho. Kioo changu kimegoma. Nimepanga tabaka za molibdeni na silikoni jozi hamsini, chemba imenyonywa hewa yote, lakini katika kila eksirei mia zinazokipiga, zinarudi arobaini tu. Wenye hadubini walioagiza kioo wanataka sitini na tano. Najua tabaka zinaingiliana mipakani. Wewe enzi zako za maabara ulikuwa ukizitenganisha kwa utando wa kabidi ya boroni. Unene gani? Nakimbia, mashine inaniita.

Mwanao,
Kitindamimba

17 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Kifua kinakohoa kitakavyo, mimi nimekiachia uwanja. Dada yako ananitunza na kunigombeza kwa zamu. Jana jirani aliiona barua yako, akauliza kioo gani hicho kinachousumbua ukoo mzima. Nikamweleza: ni cha eksirei laini, zile ambazo kioo cha kawaida huzimeza. Hiki kina tabaka nyembamba mno, na kila jozi hurudisha kiduchu tu. Zikipangwa sawasawa, viduchu hivyo vinajumlika. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Haya, shoga, na wanja mtu anaweza kujipakia hapo?”

Utando weka nanomita moja na nusu. Usipunguze. Niandikie utakachopata.

Mama yako

9 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumai unalala vizuri siku hizi.

Hesabu yangu ilinipa utando usiofika hata nusu nanomita. Nikaifuta, nikasema Mama ndiye Mama. Kioo kimerudisha kumi na mbili. Wenye hadubini wameondoka, na mkuu wa maabara anasema mashine atawapa wengine. Kwangu hana nafasi tena.

Ulikuwa na hakika? Niambie ukweli.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Daktari sasa anazungumzia wiki, miezi ameacha kuitaja.

Ukweli ni huu: namba ile niliibuni. Nilishinda na barua yako mapajani nikiutafuta unene ule kichwani, nikakuta patupu. Mngurumo wa pampu naukumbuka. Ile zambarau ya gesi ikiwaka kwenye kidirisha cha chemba naiona hata sasa. Namba zimeondoka zote.

Ningesema sikumbuki, ungemwuliza mwingine, na mimi nisingepata barua tena. Wewe huniandikia ukikwama tu. Sikulaumu, ndivyo nilivyokulea, mezani tukiongea kazi tu mpaka chakula kinapoa. Basi nikaiandika namba kwa mwandiko wa mtu anayejua. Nimekuharibia kioo na kazi ili nipate bahasha yenye jina langu.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie hivyo hivyo na hasira zako.

Mama yako

11 Agosti

Mama,

Shikamoo.

Barua yako ilikaa kwenye droo sijaifungua. Niliuona mwandiko, nikasema sitaki kuletewa namba nyingine. Leo asubuhi Dada amepiga simu: huongei tena, maji unapewa kwa kijiko. Ndipo nikaifungua. Hii naandika kwa simu, Dada atakusomea sikioni.

Kazi imekwisha, hilo tuliache. Sina swali la kioo. Nina mengine, na naona haya kwamba sijui majibu yake. Unalalia ubavu gani? Nani anakuchana nywele, na anazivuta? Ulipokuwa msichana, kabla ya maabara na kabla yetu, uliogopa nini? Kuna siku ulinisubiri dirishani nami sikuja?

Nimekusamehe, Mama. Nimekusamehe zamani kuliko nilivyojua. Nipo njiani.

Dada, ukifika hapa nyamaza kidogo, umtazame usoni kama amesikia. Kisha mwanzie tena, toka kwenye Shikamoo.

Kitindamimba wako