Wimbo wa Mkono wa Kushoto

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokilalamikia kimekwisha. Huku hatujambo, ukiniondoa mimi. Mimi nimechoka.

Nimechoshwa na wimbo wa shemeji yako. Kila duka ni huo, kila harusi ni huo: “Nifunge vifungo kwa mkono wa kushoto, mpenzi, sina haraka.” Wateja wangu wa kupigiwa pasi wananikabidhi nguo kwa kushoto, kisha wanacheka. Fundi viatu wa jirani haachi kuniuliza, shemeji, leo pasi iko mkono upi? Juzi alikuja mwandishi wa gazeti, akataka nimfunge mume wangu shati kwa kushoto ili apige picha. Kifungo kiliniponyoka mara mbili, nikamfukuza.

Sasa na wewe umeniandikia nifumbue macho. Unasema tumekua chumba kimoja na hujaniona nikishika hata kijiko kwa kushoto, basi huyo wa kushoto ni nani? Eti nifungashe virago nihamie kwako. Nilimsomea shemeji yako. Alicheka, kisha akasema mwenye siri ni mama, amwombe mama ruhusa atakaye. Nusura nimtupie pasi.

Nilikwenda kwa mama. Alikataa, akanuna, akasema utaacha kazi bure kwa ajili ya kikongwe. Naandika hivyo hivyo.

Mwanamke wa kwenye wimbo ni mama. Alipata kiharusi ulipokuwa ndiyo kwanza umeanza kazi, na mkono wa kulia umekufa. Alituapisha usijue. Barua zake zote tangu hapo nimeziandika mimi.

Kila asubuhi anamfunga baba shati kwa kushoto, na hataki kusaidiwa. Baba, yule aliyekuwa akitufokea tukichelewa kuvaa viatu, anasimama kidevu juu kama mtoto anayenyolewa, mpaka kifungo cha mwisho. Shemeji yako aliwakuta, mama akimwomba baba radhi kwa kumchelewesha. Baba akamjibu kwamba hana haraka. Mengine yote ni gitaa.

Daktari anasema ugonjwa huu hupenda kurudi. Baba ana haki ya kutokuwa na haraka. Wewe huna.

Shemeji yako anakusalimu, na amekusamehe. Mama hakusalimu, bado amenuna. Utambembeleza mwenyewe ukifika.

Ni mimi dada yako,
wa mkono wa kulia.