Gamba Chini ya Gundi

Nyumba ya Mwisho, Njia ya Gatini,
S.L.P. 47.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Bisibisi,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo, na watoto? Kile kikohozi chako cha baridi kimekuacha, au bado mnalala kitanda kimoja? Sisi huku miili ni mizima, tunakula, tunaamka. Uzima mwingine zaidi ya huo sina wa kukueleza.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei. Wiki ya saba sasa. Nikipiga anapokea wifi, ananiambia umelala, na mimi najua mtu anayelala saa sita mchana ama ni mgonjwa ama anamkimbia mtu. Juzi akanitobolea yote: umeuza vifaa vyako, mita, koleo, hata ile bisibisi ya mpini mwekundu uliyopewa jina lake, na sasa unapanga maboksi ghalani. Eti umesema mikono iliyoua haifai kushika waya tena. Hilo ndilo lililonikalisha hapa mezani. Soma mpaka mwisho hata kama itakuuma, na itakuuma.

Kwanza nikueleze siku yenyewe, maana siku ile nilikupigia nikiwa nalia na sidhani kama ulielewa hata neno.

Shemeji yako, mume wangu, alishuka gatini saa moja asubuhi kupandisha taa zako nne kutoka majini, zile ulizotubunia za kuvutia samaki usiku, kama kila siku. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kwa hiyo akaiacha swichi kama ilivyokuwa, imewashwa. Nani hangeiacha? Taa ya nne ilikuwa imenasa kwenye nguzo. Akaingia majini mpaka kiunoni, akaishika, na umeme ukarudi. Mimi nilijua umerudi kwa sababu redio ya jikoni ilianza kuongea yenyewe, nikafurahi. Nilifurahi, mdogo wangu, nikasema afadhali friji isiharibu samaki. Nilipotoka na ndoo nilimkuta ameegemea nguzo kama mtu anayesikiliza kitu. Muuza mbao, jirani yetu, ndiye aliyenikamata nisiingie majini, kisha akakimbia kuizima swichi.

Ya mazishini unayajua. Binti yangu alikuwa amekupigia ufuatilie kwa simu, na mama mkwe akasema mbele ya watu wote, "Taa za yule mtoto ndizo zilizoniulia mwanangu." Simu yako ikakatika. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na sikufungua mdomo. Jioni hiyo hiyo mama mkwe aliitoa picha yako ukutani, ile ya siku ya mahafali, akaitia chini ya kabati.

Wiki tatu zilizopita mkaguzi wa umeme alinirudishia ile taa ya nne ndani ya mfuko wa plastiki. Alisema tu kwamba maji yalipenya kwenye kifuniko, akanipa karatasi nitie sahihi, akaondoka. Nikaiweka mezani. Siku mbili nikawa naipita kama mgeni ambaye sijamkaribisha. Siku ya tatu nikaifungua.

Unakumbuka karatasi yako ya maelekezo? Bado imepigiliwa ukutani stoo. Chupa pana ya jemu yenye balbu ndani, tundu moja la waya kwenye kifuniko, pete ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, halafu silikoni nje na ndani, ikae siku mbili, kisha izamishwe kwenye beseni kuangalia viputo. Na juu kabisa, kwa wino mwekundu, umepiga mistari miwili: MAFUTA NI ADUI, FUTA KWA SPIRITI KABLA YA GUNDI. Tulikucheka sana. Shemeji yako alisema Injinia wetu anaandika kama daktari anayemkataza mtu chumvi.

Taa tatu za kwanza aliziziba yeye mwenyewe. Zote tatu mkaguzi alizikuta kavu ndani, hata tone. Ya nne alikuwa amejikata kidole kwa kopo, kimefungwa kitambaa, hawezi kulainisha gundi. Akaniita mimi. Nilikuwa uani napara samaki wa ile hoteli, hamsini na kitu, na gari lao lilikuwa limeshafika linanipigia honi. Nikaenda stoo na mikono yangu vile vile, nimeifuta kwenye aproni tu.

Akaniambia, "Mama, kanawe kwanza. Injinia kasema mafuta ni adui."

Nikamjibu, "Injinia wako hajawahi kupara samaki hamsini. Lete hiyo gundi."

Akacheka. Akaniletea. Nikaipaka kwa kidole, nikazungusha vizuri, nikajisifu. Siku mbili zikapita, tukaizamisha kwenye beseni na haikutoa kiputo hata kimoja. Ikawa inashuka ziwani kila usiku kwa miezi mitatu.

Sasa nilipofungua ule mfuko, gundi ilibanduka yote kwa mkupuo mmoja, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Haikuwa imeshika chuma hata kidogo. Nikaigeuza. Upande wa chini kulikuwa na alama ya kidole changu cha shahada, mistari yote inaonekana, na kando yake gamba moja la samaki. Lilikuwa linang'aa bado.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Sio taa yako. Ungeweza kuniambia swichi, na kweli lipo la swichi, na upo umeme uliorudi bila hodi. Lakini kama kifuniko kingekuwa kikavu, shemeji yako angeishika ile taa, angeinyanyua, angekuja kunywa chai. Uliandika kwa wino mwekundu. Yeye alinikumbusha kwa mdomo wake. Nani mwingine nimsingizie?

Nakiri pia kwamba nililificha gamba hilo siku kumi na moja. Nililiweka kwenye kopo la vifungo. Kila siku nilisema kesho, na kila siku wewe ulikuwa unapanga maboksi.

Jumapili nilimwambia mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, nikamwekea kifuniko mbele yake. Aliendelea kuchambua mpaka sinia ikaisha, kisha akauliza, "Alikwambia ukanawe?" Nikasema ndiyo. Akachukua sinia yake akaenda chumbani. Tangu siku hiyo anakula huko, na sisi wawili hatujasemezana. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya zaidi.

Binti yangu mkubwa anajua pia. Analia anapoosha vyombo, akidhani simsikii. Ameniuliza kama zile taa tatu tuzitupe. Nikamwambia tuziache ndani ya kreti mpaka ufike uzifungue mwenyewe, ukaone jinsi kazi yako ilivyokuwa safi.

Ndani ya bahasha nimekutilia kile kipande cha gundi, nimekikunja kwenye karatasi ya nailoni. Usikitupe. Siku watakaposema tena kwamba mikono yako iliua, watolee hicho, na nawe ukitazame kila unapotaka kujihukumu. Kisha katafute vifaa vingine. Ukianza na bisibisi moja inatosha.

Nisalimie wifi, umwambie nashukuru kwa kunivumilia kwenye simu. Wabusu watoto. Muuza mbao anakusalimu, anasema ubao wa meza yako bado anautunza. Wapwa wako wote wawili wanakusalimu, yule mdogo anataka kujua kama theluji inalika. Mama mkwe hakunituma salamu. Lakini jana asubuhi nilipopita sebuleni nilimkuta amepanda juu ya kiti, anafuta vumbi picha yako, na msumari ameung'ata mdomoni.

Mungu akutunze, akurudishe kwenye kazi yako, na siku moja akurudishe na hapa.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyeziba kile kifuniko.