Vigelegele vya simfoni

Theresia, nimeaibika. Mimi!

Kwaya tulikwenda kusikiliza okestra ikipiga simfoni, muziki mrefu wa sehemu nne, ambao mtunzi wake alihangaika nao miaka ishirini. Sehemu ya kwanza ilipoisha nikapiga vigelegele. Ukumbi mzima kimya! Kumbe Waswidi husubiri mpaka mwisho kabisa.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mashauri, akanigeukia mbele za watu: "Mshamba wewe!"

Mshamba! Mimi!

Dakika kumi baadaye yeye anakoroma. Alikoroma mpaka watu wakasimama kushangilia.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani Hjulsta ananinong'oneza, simfoni iliishaje? Maana Jumapili ataielezea kanisani, kumshukuru Anders, mwenzetu wa kanisani aliyetugawia tiketi. Anders huyo huyo anayepiga tarumbeta kwenye okestra ile!

Shoga, iliisha kwa tarumbeta, kuta zinatetemeka. Nikamwambia, "Kwa filimbi moja tu, taratibu."

Jumapili kaa mbele. Akitaja filimbi, napiga vigelegele tena.