Mabenchi Kumi na Manne

Sigowet,
15 Januari 1995

Kwako Mama Phelis,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wazima, isipokuwa mume wangu Kimeli ana kile kikohozi chake cha vumbi na hataki dawa, unamjua. Winny amemaliza darasa la nane. Jua limechoma majani ya chai lakini ng'ombe wanakamuliwa. Na wewe? Na Jairus? Phelis anatembea vizuri? Ni zaidi ya miaka miwili tangu mfukuzwe hapa kwa ajili ya kabila lenu na sijakuandikia hata mstari. Kila nikishika kalamu naona haya, naenda kukama ng'ombe.

Sasa nina neno. Makanisa manne ya hapa yamekubaliana kuomba pamoja. Usicheke. Ni sisi, na Wakatoliki, na Wasabato, na wale wapya wa karibu na soko. Tulikaa vikao vitano, na vitatu vilikuwa vya kubishana kuhusu siku, kwa maana Wasabato hawawezi kutuachia Jumamosi na sisi hatuwezi kuwaachia Jumapili. Tukaangukia Jumatatu ya Pasaka, ambayo haina mwenyewe. Tutaombea umoja, kanisani kwetu. Wamenifanya mwenyekiti wa akina mama wa makanisa yote, na nimewaambia kwamba umoja bila nyinyi ni mchezo. Wamekubali niwaalike. Njoo na watu wa kanisa lenu, Mama Phelis. Nitawawekea nafasi ya mbele.

Barua hii nampa Nyamwange wa ndizi. Anasema anapita Ahero kila wiki.

Dada yako,
Mama Winny


Ahero,
9 Februari 1995

Mama Winny,

Barua imefika. Asante kwa salamu. Sisi tunaishi. Jairus anapata kazi ya useremala siku mbili, siku nne anakosa. Phelis ameugua malaria mara mbili, lakini sasa anakula. Mpe Kimeli pole ya kikohozi.

Sitakudanganya, niliposoma mara ya kwanza nilifurahi. Halafu Nyamwange akaniambia jambo. Anasema Krismasi aliingia kanisani kwenu kukwepa mvua akakuta mmekalia mabenchi yetu. Anayajua, kwa sababu mbao zake ni yeye aliyezileta. Jairus na mafundi wenzake wa kiwanda cha chai waliyatengeneza baada ya kazi, miezi minne mizima. Mimi nilidhani yaliungua pamoja na kanisa letu.

Ni kweli? Nijibu kwa mkono wako, usinitumie mchungaji. Kama ni kweli, msituite tuje kukaa kama wageni kwenye vitu vyetu, halafu tuseme amina pamoja.

Uliyekuwa ukimwita dada,
Dorcus Akeyo


Sigowet,
27 Machi 1995

Dada yangu Dorcus,

Hamjambo huko? Natumaini Phelis amepata nguvu. Sisi miili yetu ni mizima.

Ni kweli. Kimeli aliyabeba kwa mkokoteni wa ng'ombe asubuhi ileile mliyoondoka, kabla kanisa halijachomwa. Alisema anayahifadhi. Mimi nikalikubali neno hilo, na Jumapili iliyofuata nikakaa. Tumehifadhi mpaka tumeyapaka rangi. Naona aibu kukuandikia haya, lakini umesema nijibu mwenyewe.

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kukuletea zaidi ya pole. Nilipeleka jambo kwenye kamati. Wazee walisema mabenchi yatarudishwa siku mtakayorudi, na mtarudi hali ikitulia. Mmoja akaniambia nisichokoze mambo, maana tukianza na mabenchi tutaulizwa mabati, na tukimaliza mabati tutaulizwa ni nani aliyewasha moto. Nikamjibu kwamba ndiyo, tutaulizwa. Wakafunga kikao kwa sala.

Jumapili nikaingia kanisani, nikatandika leso yangu sakafuni, nikakaa. Kimeli alidhani ni mgongo. Jumapili ya pili tulikuwa kumi na mmoja. Ya tatu akina mama wote walikuwa chini, hata nyanya Chepkirui ambaye magoti yake yalishagoma, na kumwinua ilikuwa kazi ya watu watatu. Wanaume wakabaki juu, kisha wengine wakaona afadhali wasimame. Mchungaji akahubiri dakika kumi, hajawahi. Sasa akina mama wa Kikatoliki na wa Kisabato wamesikia, wanasema siku ya maombi nao watakuja na leso.

Nyumbani Kimeli hasemi nami. Anakula, anatoka. Naumia, Dorcus, lakini kwenye benchi lile sirudi. Niambie, unataka yaletwe huko?

Dada yako Chepchirchir, hata kama umekasirika,
Mama Winny


Ahero,
4 Aprili 1995

Dada Chepchirchir,

Salamu kwa wote, na zaidi kwa nyanya Chepkirui na magoti yake. Phelis sasa ni mzima, anakimbiza kuku wa watu. Nilimsomea Jairus barua yako akatoka nje. Akarudi akasema nimsomee tena pale pa kuinuliwa na watu watatu. Tulicheka, halafu mimi nikalia. Miaka yote hii sijawahi kuililia Sigowet mbele yake.

Msilete mabenchi huku. Yarudisheni pale palipoungua, hata kama hakuna ukuta, hata kama mvua itayanyeshea. Na maombi yafanyike hapohapo, makanisa yote. Tukiyakuta Jumatatu ya Pasaka tutakaa, familia tisa. Tusipoyakuta tutageuka, na sitakuandikia tena ingawa nakupenda.

Halafu Kimeli. Pole yake usinipe wewe. Ana mikono, aandike.

Dada yako,
Mama Phelis


Sigowet,
12 Aprili 1995

Shemeji Dorcus,

Mimi si mtu wa barua. Winny alitaka kuniandikia nikakataa.

Mabenchi yako pale. Tuliyabeba jana mchana, watu wa makanisa manne, na padri akashika upande mmoja. Yalikuwa kumi na manne lakini nilikuta kumi na matatu, kwa sababu moja lilivunjika mwaka juzi nikalipasua kuni. Nimetengeneza jingine. Mguu mmoja ni mfupi. Jairus ataliona.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikasema ni mimi niliyeyabeba. Nikasema pia kwamba nilijua kanisa lenu litachomwa, maana niliambiwa mapema nitoe vitu, nikatoa, nikanyamaza. Wazee wawili walitoka nje. Jumatatu nitasema tena mbele yenu, na majina ya walioniambia. Kamati imenivua uzee wa kanisa. Sawa. Mke wangu ameanza kuniwekea chai.

Kuna jambo ambalo hata yeye sijamwambia. Asubuhi ile tulikutana darajani. Mkokoteni ulikuwa umejaa, nimeufunika turubai. Wewe ulikuwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni, na bado ukanisalimu kwa Kipsigis, vizuri kabisa, kama mtu wa hapa. Ulisema, "Chamgei." Mimi nikatazama ng'ombe. Sikuitika, na jibu lake ni maneno mawili tu. Kila nikipita hapo daraja linanishinda.

Chamgei mising, Dorcus. Chamgei mising.

Shemeji yako,
Kimeli