Pembetatu ya Baba

Endasak, Jumamosi, Agosti. Ukungu umeshuka tangu asubuhi, mlima wote umefichwa. Nimekaa kwenye jiwe nyuma ya zizi, mahali pekee ambapo simu yangu inakamata mtandao, na moyo wangu unaelea tu.

Sababu ni pembetatu.

Shamba letu la chini lina umbo hilo: kitako kiko barabarani, ncha iko juu, korongoni. Baba anataka kuwagawia kaka yangu Safari na mdogo wetu Emanueli nusu kwa nusu. Jana walilima kwa plau sambamba na barabara, wakahesabu mistari, wakaikata katikati: ya chini ya Safari, ya juu ya Emanueli. Mistari ni sawa, wakaona wamemaliza. Kumbe kadiri unavyopanda, mistari inafupika! Maskini Emanueli aliambulia robo. Leo hawasalimiani.

Baba akaniita. Mimi ndiye mwalimu wa hesabu hapa nyumbani, tena binti pekee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwalimu, hebu tugawie wewe. Hawa wasije wakashikana mashati."

Dawa ni nyepesi. Unapima kitako kwa kamba, unaikunja nusu kupata katikati yake, unanyoosha mstari hadi kwenye ncha. Vitako sawa, kimo kimoja, basi maeneo ni sawa. Nimechora kwa kijiti hapa vumbini, na hesabu ikikubali hivi huwa natabasamu peke yangu kama chizi.

Halafu mawazo yakahama. Kijiti kikakata kitako mafungu matatu, mistari miwili ikapanda hadi kwenye ncha. Pembetatu tatu, zote sawa. Ile ya pembeni nikaipanda maharage. Nikajenga nyumba ndogo yenye mlango wa bluu, nikaanika shuka zangu. Nilikaa huko hadi chai ikapoa.

Hakuna aliyeniambia tatu.

Kwetu binti hagawiwi shamba, anasubiriwa aolewe akalime la mume. Lakini hili letu la chini nimelipalilia tangu utoto, na ninalitaka. Sijawahi kumwambia mtu, hata wewe shajara.

Naogopa. Baba anaweza kucheka, au akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kubaya zaidi.

Kesho kamba itakuwa mikononi mwangu. Kabla sijaikunja, nitamuuliza mbele ya Safari na Emanueli: baba, una watoto wangapi?