Maziwa Niliyoacha Nyumbani

Jumatatu, 8 Januari
Nimejikamua tena maziwa katika depo ya vitabu ya shule, saa ya mapumziko. Kwa mukono, kiti kimeegemezwa kwenye mulango. Nusu chupa. Wiki ya pili tangu nirudi kufundisha. Maziwa ya asubuhi naachia mama mukwe huko nyumbani Mabanga, amunyweshe Josué kwa kikombe. Ana miezi minne. Nikirudi kutoka shuleni Katoyi, chupa tupu. Namushukuru Mungu.

Jumatano, 10
Josué amenenepa. Lakini jioni hanishiki kama mutoto mwenye njaa. Anachezea titi, anaangalia pembeni. Imeniuma. Mugeni wetu Furaha aliona, akageuza uso.
Huyu Furaha alikimbia vita kule Masisi. Analala katika saloni, sebule yetu, na binti yake Neema, anayekaribia miaka miwili. Wiki ya sita sasa. Nimechoka kukanyaga vitu vya watu. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 12
Mabomu yalisikika upande wa Sake. Direktere wa shule akafunga masomo mapema. Nikaingia nyumbani kwa mulango wa nyuma. Josué amelala. Neema ameketi kwenye mukeka na kikombe cha Josué, anakunywa maziwa yangu. Mudomo mweupe.
Nilimunyang'anya. Yakamwagika.
"Mimi najikamua kama ng'ombe, wewe unalisha mutoto wako!"
Mama mukwe akasema, "Mama Josué, ngoja nikueleze." Sikungoja.
Furaha akafunga vitu vyake katika kitenge, akaenda na Neema kambini kwa wakimbizi wenzake. Sikumuzuia. Nilijisikia vizuri. Naandika ukweli.

Jumamosi, 13
Asubuhi nilienda soko la Kituku, kando ya ziwa, kununua samaki, nikaacha maziwa. Niliporudi Josué amelia mpaka sauti imekauka. Kikombe bado kimejaa.
"Hajawahi kukikubali," mama mukwe akasema. "Hata siku moja."
Akanieleza yote. Siku ile ya kwanza niliporudi kazini, Josué alitema kila kitu. Alilia mpaka saa sita. Furaha akamuchukua, akamupa titi lake. Akanyamaza. Ikawa hivyo kila siku. Maziwa ya Furaha hayakutosha watoto wawili. Alimupa Josué titi, Neema akapewa kikombe.
Nikauliza kwa nini walinificha.
"Ungekubali?"
Hapana. Nisingekubali. Ningeuliza kama ana ugonjwa. Ningesema mutoto wangu hanyonyi kwa mugeni.
Nimelia jikoni.

Jumatatu, 15
Baada ya darasa nilienda kambini. Hema kwa hema. Akina Furaha ni wengi. Mwisho mama mumoja akamukumbuka.
"Yule wa Neema? Jana bomu lilianguka karibu. Wengi wamehama. Yeye alishika njia ya ziwa."
Nikakimbia Kituku. Wanasema mitumbwi imebeba watu tangu jana. Hakuna aliyeandika majina.

Alhamisi, 18
Sasa mama mukwe anamubeba Josué mugongoni mpaka Katoyi, saa ya mapumziko. Namunyonyesha depo. Nilimwomba direktere ruhusa, akasema, "Hakuna shida, mwalimu." Maneno matatu. Ningeweza kuyaomba tangu mwanzo. Niliona haya.
Magoti ya mama mukwe yamevimba. Na mimi sina uso wa kumuangalia.

Jumapili, 21
Baada ya misa nilienda kwa karani wa parokia. Anaandika majina ya wanaotafutwa, yanasomwa katika parokia zingine.
"Jina lake?"
"Furaha."
"Furaha nani?"
Sikujua.
"Kijiji?"
Masisi, nikasema. Akasema Masisi ni kubwa. Jina la bwana wake? Sikujua kama bwana yuko hai. Wiki sita katika saloni yangu.
Karani akangoja, kalamu mukononi. Kisha akaandika: Furaha, mama ya Neema. Akaniuliza mimi ni nani kwake.
Nikasema alinyonyesha mutoto wangu.
Akaandika na hilo. Nikarudi nyumbani. Josué alikuwa macho; akalishika titi langu kama mutoto mwenye njaa.