Nafasi ya Katikati

Shemeji yangu,

Wanangu hawakusumbui? Mimi mzima. Gari linakohoa lakini linakwenda. Ila safari hii nzima ya kitabu cha picha sijapata hata moja ya maana. Mchapishaji akipiga simu, nasingizia mawingu.

Unakumbuka dada yako alivyokuwa akisimama mbele ya kamera ili nipime mwanga, huku akilalamika, "Fanya haraka bwana, jua linaniunguza"? Tangu tumzike, napima peke yangu.

Leo fundi wa matairi aliomba kuona picha zangu. Akatazama barabara, daraja, kituo cha mafuta, akaniuliza, "Bosi, mbona zote umeacha nafasi katikati? Mtu wake yuko wapi?"

Nikamwambia ametoka kidogo.

Ni mimi,
shemeji yako